Waya, Ungo na Antena: Mazungumzo juu ya Gharama ya Televisheni Nyumbani

Ndugu wakazi wa Mkotokuyana na majirani wa kata nyingine za Nachingwea na Ruangwa,

Mwezi wa Oktoba, minada ya korosho inapoanza na fedha zinapoingia kupitia vyama vya msingi, mafundi wa ungo huwa na kazi tele. Mwezi wa Machi, akiba ikiwa imepungua na shamba likidai palizi, ungo uleule hubaki juu ya paa bila kazi, na kioo cha televisheni sebuleni huandika maneno yanayojulikana na kila mwenye nyumba: malipo ya kifurushi yamekwisha. Kati ya miezi hiyo miwili ndipo linapozaliwa swali la mazungumzo haya. Je, nyumba ya mkulima inaweza kuacha kulipia televisheni kila mwezi, ikabaki na antena ya kawaida na simu yenye intaneti, bila kukosa habari, mpira na tamthilia?

Katika nchi kama Marekani swali hili huitwa kukata waya, maana huko nyumba nyingi zilipokea televisheni kwa kebo iliyofika hadi ukutani. Hapa historia ni nyingine. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 vituo vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Aliyekaa karibu na mnara alisimika antena akatazama bure. Aliyekaa mbali alihitaji ungo mkubwa, na ungo ule ulikuwa mali ya wachache. Hapo ndipo ilipoingia kebo katika miji midogo: mfanyabiashara mmoja aliweka maungo kadhaa uani kwake, akatandaza waya kutoka nguzo hadi nguzo, na kila nyumba iliyounganishwa ikamlipa ada ya mwezi. Huduma ile iliwafaa watu wa mjini. Waya, hata hivyo, hauendi pale nyumba zinapoanza kutawanyika kati ya mikorosho, kwa sababu hakuna mwenye mtaji atakayevuta waya wa kilomita nzima kwa ajili ya wateja watatu. Kwa hiyo kwa mkazi wa kata ya vijijini, kilichochukua nafasi ya kebo ni ungo mdogo na king'amuzi, na kukata waya maana yake ni kuacha kifurushi.

King'amuzi nacho kina historia inayostahili kukumbukwa, kwani ndani yake mna haki ambayo wengi wameisahau. Chini ya makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006, nchi zetu za Afrika zilipewa hadi tarehe 17 Juni 2015 kuhama kutoka mfumo wa analojia kwenda dijitali. Tanzania haikungoja tarehe hiyo. Mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, zikafuata Dodoma na Tanga, kisha Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya katika miezi ya mwanzo ya 2013. Kenya ilipofikia hatua hiyo Februari 2015, vituo vyake vikubwa vya binafsi vilitoweka hewani kwa wiki kadhaa kwa sababu ya mgogoro wa leseni na wa nani arushe matangazo ya nani.

Katika kuhama huko, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliweka sharti kwamba chaneli za kitaifa zisizolipiwa, zikiwamo TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, zibebwe na ving'amuzi vya mitambo ya ardhini na zionekane hata kama mteja hajalipa kifurushi. Sharti lile lilihusu mitambo ya ardhini, yaani ile ya antena. Ving'amuzi vya ungo vya kulipia vilikuwa na leseni za namna nyingine, na ndiyo maana mwezi wa Agosti 2018 watazamaji wa Azam, DStv na Zuku walishangaa kuona chaneli za nyumbani zimeondolewa: Mamlaka ilikuwa imesema leseni zao haziwaruhusu kuziuza ndani ya vifurushi. Baadaye chaneli hizo zilirejea. Lakini tukio lile liliwafundisha wengi tofauti ambayo muuzaji dukani mara nyingi haisemi, kwamba king'amuzi cha ungo na king'amuzi cha antena vyaweza kufanana kwa boksi na rangi, ila havifanani mbele ya kanuni, wala mbele ya mfuko siku kifurushi kinapokwisha.

Antena basi ndiyo njia ya kwanza. Hununuliwa mara moja, pamoja na king'amuzi chake, na chaneli za kitaifa hazidai ada ya mwezi. Udhaifu wake ni umbali. Mawimbi ya televisheni ya ardhini husafiri karibu kwa mstari ulionyooka kutoka mnarani. Kilima, bonde au msitu mnene ukikaa katikati, picha hukatika. Katika analojia, mawimbi hafifu yalileta picha yenye chenga, na mtu aliweza kuvumilia. Dijitali haina chenga: ama picha ni safi, ama hugandaganda vipandevipande, ama haipo kabisa. Kwa sababu hiyo, nyumba mbili za kijiji kimoja, moja juu ya mwinuko na nyingine bondeni, zinaweza kupata majibu tofauti kwa antena ileile. Mwenye busara hanunui kwanza kisha akauliza. Huuliza jirani mwenye antena, au humtaka fundi aje na king'amuzi chake cha kujaribia, ainue antena juu ya mlingoti, aielekeze upande wa mnara, na aonyeshe kipimo cha mawimbi kwenye kioo kabla ya shilingi kutoka mfukoni. Mita mbili zaidi za mlingoti mara nyingi husaidia kuliko antena ya bei kubwa. Na kama mawimbi hayafiki kabisa, hakuna fundi atakayeyaumba. Hapo ungo unabaki kuwa njia pekee ya kuaminika, na afadhali kulijua hilo mapema.

Njia ya pili ni intaneti. Vijana wengi wa kata tayari wamehamia huko bila kutangaza: habari wanazitazama YouTube, mpira kwenye programu za simu za kampuni za ving'amuzi, filamu kwa kurushiana. Mawasiliano nayo yanazidi kusogea. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, kazi yake ni kuchangia gharama za minara pale ambapo kampuni za simu zisingejenga kwa faida peke yake; Mei 2023 ilitiwa saini Dodoma mikataba ya minara 758 katika kata 713 za nchi. Hata hivyo mnara unaotosha kupiga simu si lazima utoshe kubeba mpira wa saa mbili, hasa jioni ambapo kijiji kizima kiko mtandaoni kwa wakati mmoja.

Hesabu ya intaneti ndiyo inayowaponza wengi, na inafaa ifanywe taratibu. Video ya ubora wa kati hutumia takriban GB 0.7 kwa saa. Ya ubora wa juu hufikia GB 3 kwa saa. Mechi moja pamoja na mapumziko ni kama saa mbili, yaani GB 1.4. Ligi Kuu yenye timu 16 huipa kila timu mechi 30, hivyo shabiki wa Namungo anayetaka kuifuata timu ya Ruangwa msimu mzima kwa simu anahitaji takriban GB 42. Hilo laweza kubebeka, kwa kuwa msimu ni miezi mingi. Sasa ichukuliwe nyumba inayotazama televisheni saa mbili kila jioni, taarifa ya habari na tamthilia moja. Kwa siku 30 ni saa 60, nazo ni GB 42 zilezile. Nyumba hiyo imemaliza kwa mwezi mmoja kile ambacho shabiki alikimaliza kwa msimu. Bei za bando hubadilika kila mara na hazifai kutajwa hapa. Kila mwenye simu anaweza kuzidisha mwenyewe kwa bei ya mtandao wake, kisha alinganishe na kifurushi cha televisheni. Wengi wakifanya hivyo watagundua kwamba intaneti ni rahisi kwa mtazamaji wa mara mojamoja, na ni ghali kwa kioo kinachowaka tangu magharibi hadi usiku.

Zipo njia za kupunguza. Ubora wa picha ukishushwa kwenye mipangilio ya programu, matumizi huweza kufika GB 0.3 kwa saa, na kwenye kioo kidogo cha simu tofauti haionekani sana. Kitu kinachoweza kupakuliwa mara moja kikatazamwa na watu watano kisitazamwe mara tano na kila mmoja kwa simu yake. Na video zinazojicheza zenyewe moja baada ya nyingine zizimwe, hasa simu inapokuwa mikononi mwa watoto, kwa kuwa hizo hula bando na muda wa kulala kwa pamoja.

Mpira unastahili neno lake, kwa sababu ndio unaozuia nyumba nyingi kuacha kifurushi. Namungo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kuwakabili Simba mjini Sumbawanga, hamu ya kutazama ligi ya nyumbani katika wilaya hizi iliongezeka mno. Haki za kuonyesha ligi hiyo zimo mikononi mwa Azam kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa mwaka 2021, wa shilingi bilioni 225.6. Kwa hiyo antena yenye chaneli za bure haitampa mtu mechi zote. Anayezitaka atazilipia mahali fulani, iwe kwa kifurushi, kwa programu ya simu au kwa kiingilio cha kibanda umiza. Kibanda kina hesabu nzuri kwa asiye na shauku ya kila mechi. Wenye vibanda nao wakumbuke kwamba kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani, si ruhusa ya kutoza kiingilio, na kwamba leseni ya biashara inahitajika hata kama ukumbi ni wa makuti.

Kifurushi cha shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa mfano, ni shilingi 240,000 kwa mwaka. Kilo ya korosho ghafi ikiuzwa shilingi 3,000, hizo ni kilo 80 zinazoondoka shambani kila mwaka kwa ajili ya televisheni. Familia moja yaweza kuona kwamba ni halali yake kabisa, kwani watu hawaishi kwa kulima tu. Familia nyingine yaweza kulipia miezi ya neema, ikabaki na antena miezi ya kiangazi cha mfuko. Lisilofaa ni kulipa kwa mazoea, kifurushi chenye chaneli 80 ambazo 70 kati yake hazijafunguliwa tangu king'amuzi kinunuliwe.

Liko jambo moja lisilopimwa kwa kilo za korosho. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokaribia pwani ya kusini, wakazi wa mabondeni mkoani Mtwara walitakiwa kuhama. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa iliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Mara zote mbili tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilitangulia hewani kabla ya maji. Nyumba ambayo king'amuzi chake cha ungo kimefungwa kwa deni, na bando lake limekwisha, haizioni tahadhari hizo. Ndiyo sababu hata anayebaki na kifurushi chake ana haja ya njia moja isiyokatika kwa kukosa malipo: antena pale mawimbi yanapofika, na pale yasipofika, redio ya betri, ambayo bado ni chombo cha bei nafuu kuliko vyote na hakidai nywila.

Mteja anayeona chaneli isiyolipiwa imefungwa kwenye king'amuzi cha antena aanze kwa mtoa huduma, atunze namba ya malalamiko aliyopewa na tarehe yake, na asipotendewa haki aipeleke Mamlaka ya Mawasiliano. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kisheria kumsemea mtumiaji.

La mwisho ni la usalama. Mlingoti mrefu wa chuma juu ya paa huita radi, na mvua za huku huja na ngurumo. Wingu linapotanda, waya wa antena uchomolewe nyuma ya king'amuzi pamoja na wa umeme. Mlingoti usimikwe mbali na nyaya za umeme, kiasi kwamba ukianguka usiziguse, na asipande mtu kuurekebisha paa likiwa na maji.