Kutengeneza Chelezo Kuukuu kwa Uvuvi wa Jamaa

Hotuba hii ilisomwa na karani mmoja mbele ya baraza la wazee, waalimu na wavuvi wa upande wa Mang'ola, Wilaya ya Karatu. Twaichapa yote, kwa kuwa mambo yaliyomo yawafaa watu wa kando ya maji popote walipo.



Tumeombwa kusema juu ya kutengeneza chombo kuukuu ili jamaa ipate kitoweo. Twakiri mbele yenu kwamba sisi si mabaharia. Tulizaliwa juu, katika nchi ya ngano na mahindi, na kazi yetu ni ya kalamu. Lakini jamaa yetu ina shamba la vitunguu huku bondeni, na pamoja na shamba hilo tulirithi chelezo kimoja, ambacho wengi siku hizi hukiita pantoni: sakafu ya mbao iliyolazwa juu ya mapipa manane, manne kuume na manne kushoto. Chombo hicho kilitufundisha kwa njia ya aibu, na mtu aliyefundishwa kwa aibu haifai akae kimya.

Kwanza yafaa tulijue ziwa letu. Mgeni akisimama juu ya ukingo wa Ngorongoro huona chini yake Ziwa Magadi liking'aa ndani ya kreta, nalo ni la heroe na wanyama. Nchi ile ni ya hifadhi tangu mwaka 1959, wala hapana avuaye samaki humo. Nyuma ya milima hiyo, upande wa kusini magharibi, chini ya ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa, ndipo lilipo Ziwa Eyasi. Hili halina desturi moja. Mwaka wa kiangazi hukauka karibu lote, hata wachungaji wa Kidatoga na wawindaji wa Kihadzabe hulivuka kwa miguu. Mwaka wa mvua nyingi Mto Sibiti hushuka na maji mengi, mito ya milimani nayo huleta yake, na ziwa hufurika. Ndipo waonekanapo perege na kambare, na viboko pia. Hata likijaa, maji yake hayana kina kirefu, nayo yana chumvi na magadi.

Basi oneni shida ya mvuvi wa hapa. Mwenzake wa Ziwa Victoria hutia chombo majini mwaka hata mwaka. Sisi chombo chetu hulala juu ya nchi kavu miaka mingi, kikipigwa na jua na vumbi la chumvi, kisha siku moja maji huja, na kila mtu hutaka kuwa wa kwanza. Katika haraka ile ndimo yalimo maafa.

Chelezo chetu kilijengwa na mzee wa jamaa yetu baada ya mvua kuu za mwaka 1997 na 1998. Maji yalipokwenda zake, kilivutwa hadi chini ya mgunga mmoja, na hapo kikakaa. Kuku walitagia chini yake, watoto wakakichezea. Mvua za mwaka 2020 zilipolijaza ziwa tena, tulikisukuma majini siku ile ile tulipopata habari za samaki. Hatukupiga hata pipa moja kwa kidole kusikiliza sauti yake. Tulipanda watu sita, pamoja na nyavu mbili.

Hatujafika mbali, pembe moja ya nyuma ilianza kushuka. Mapipa mawili ya pembe ile yalikuwa yametoboka kwa kutu upande wa chini, tusikoweza kuona. Watu walipoona maji yapanda, wote walikimbilia upande wa pili. Na walipokimbia hivyo, chombo kiliyumba kikapinduka. Kijana wetu mdogo, asiyejua kuogelea, alinaswa miguu katika wavu. Ndugu yake alimnyoshea upondo, akamvuta hata miguu yake ikagusa tope. Maji yenyewe yalikuwa ya kifua tu cha mtu mzima. Kumbe mtu hufa hata katika maji ya kifua! Tulirudi nyumbani kwa miguu, tumelowa, hatuna nyavu wala samaki, na mama wa kijana yule hakusema nasi kwa siku nyingi. Hatumlaumu.

Baada ya hayo jamaa ilikaa baraza. Vijana walisema, "Tuuze ng'ombe wawili, tununue mashua mpya." Wazee walisema, "Kichomeni moto chombo hicho, turudi shambani." Sisi tulileta kalamu na karatasi, tukasema, "Tufanye hesabu kwanza." Hesabu hiyo twaiweka mbele yenu, hasa waalimu, ili mpate kuwafundisha watoto.

Pipa moja la kawaida huchukua lita 200. Likizamishwa lote husukuma lita 200 za maji, na maji hayo huwa na uzito wa kilo 200 hivi. Kwa hiyo maji hulibeba pipa kwa nguvu ya kilo 200. Lakini pipa la chuma lenyewe lina uzito wa kilo 20 hivi. Mtu mwenye pupa atasema, "Mapipa manane yatabeba kilo 1,440." Ni kweli, ila wakati huo mapipa yote yamekwisha kuzama, na wimbi dogo litawachukua. Mtu mwenye akili huhesabu nusu ya pipa tu. Nusu ya mapipa manane ni kilo 800. Ondoa kilo 160 za mapipa yenyewe, zabaki 640. Sakafu yetu na boriti zake twazikadiria kilo 240, zabaki 400. Watu wanne wazima, kila mmoja kilo 70, ni kilo 280. Zilizosalia 120 ni za nyavu, pondo na samaki. Basi amri ya nyumba yetu ni hii: watu wanne, wala asiongezeke wa tano, awe mgeni au mjomba.

Tena angalieni faida yake. Pipa lina upana wa sentimeta 58 hivi. Likizama nusu, lashuka sentimeta 29 tu. Maji ya chini ya goti yatosha kukipitisha chombo. Katika ziwa kama letu, mashua yenye mkuku mrefu hukwama topeni, bali chelezo hupita. Kadhalika pipa moja likivuja, saba hubaki, maadamu chombo hakikujazwa kupita kiasi. Kwa sababu hiyo hatukuuza ng'ombe, wala hatukuwasha moto. Tuliamua kukitengeneza kile kile cha kale, na kazi ilikwenda hivi.

Tulifungua kila kitu mpaka yakabaki mapipa matupu. Mtu asikubali kutengeneza chombo kwa kutazama juu tu. Kutu hukaa pasipoonekana, hasa kwenye mstari ambapo maji na hewa hukutana, na mahali kamba au chuma kinapokaza. Tulikwangua kwa brashi ya waya, tukagonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hujibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka. Katika manane, matatu yalikuwa yameoza.

Hapa kuna maonyo mawili ambayo twaomba myasikie vizuri. La kwanza, pipa lililotiwa petroli au mafuta mengine lisipelekwe kwa fundi wa kuchomelea kama lilivyo. Hata likiwa tupu, mvuke wa mafuta hubaki ndani, na cheche moja hulipasua kama bomu. Sisi yaliyooza hatukuyachomelea, tuliyatupa. La pili, huku Mang'ola tunapuliza vitunguu vyetu dawa za wadudu. Pipa lililobeba dawa hizo lisiguse ziwa kamwe. Sumu yake itawaingia samaki, na samaki watawaingia watoto wetu.

Mahali pa yale matatu tulitia mapipa ya plastiki, nayo tuliuliza kwanza yalibeba nini. Hayaoti kutu, lakini jua huyafanya kuwa mepesi kuvunjika, kwa hiyo hukaa chini ya kivuli cha sakafu. Tena ni mepesi kuliko ya chuma, hivyo hatukuyaweka yote upande mmoja: tuliweka moja kuume na moja kushoto yakielekeana, na la tatu tukalifanya la katikati, kisha tukapima kama sakafu yakaa sawa. Kila pipa tulilikaza kizibo, tukalipaka povu la sabuni kwenye mishono na kizibo, tukalikandamiza. Penye tundu, povu hutoa mapovu. Yale ya chuma tuliyapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, tukiyaacha yakauke baina ya mara na mara.

Boriti ni za mkaratusi uliopandwa shambani kwetu. Hatukugusa mti wa msitu wa hifadhi. Misumari tuliikataa, kwa kuwa chumvi huila upesi. Tulifunga kwa bolti na kamba nene za nailoni, nazo hukaguliwa kila mwezi. Pembezoni tuliweka ukingo wa mbao, ili mtoto au wavu usiteleze. Kazi yote ilituchukua majuma matano ya jioni na siku za mapumziko.

Kabla ya kuvua, tulikitia chombo majini kwa kamba, pasipo mtu juu yake, tukakiacha siku nzima. Asubuhi ya pili tulipakia magunia ya mchanga ya uzito wa watu wanne, tukatazama. Kiliposimama sawa, ndipo tulipopanda sisi. Kila mtu huvaa jaketi la kujiokolea, hata yule asemaye kwamba ajua kuogelea. Tunatoka alfajiri, turudi kabla upepo wa mchana haujaanza kuchafua maji. Tukiwaona viboko, tunageuka.

Labda mtu atasema, "Mnaogopa mno, hiki ni chombo kidogo tu." Tumkumbushe habari ya kivuko MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kile kilikuwa chombo kikubwa cha chuma, chenye injini, tena karibu na gati. Maji hayapokei udhuru wa mkubwa wala wa mdogo. Wazee walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Lakini twaona kwamba vyombo vingi huzamishwa pwani, siku ile vinapopakiwa.

Sasa neno kwenu wenyeviti na wazee wa vijiji. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 yataka chombo kiandikishwe na mvuvi awe na leseni. Wengi hudhani ni njia ya kutoza fedha tu. Lakini chombo kilichoandikwa hujulikana, na kisiporudi jioni, watu hujua wamtafute nani. Sheria yakataza pia makokoro, baruti na sumu.

Nasi twaongeza ombi moja lisilo la karatasi. Ziwa likaukapo, samaki wachache hujiponya katika midomo ya mito na penye chemchemi. Hao ndio mbegu. Mwaka wa mvua ukija, watoto wao ndio hulijaza ziwa. Mtu avuaye hapo wakati wa kiangazi ni sawa na mkulima apikaye mbegu zake mwezi wa njaa. Tena udongo wa mashamba yetu ya juu huteremka na mito ukijaza ziwa tope. Mkulima wa Karatu asiyeweka makinga maji shambani mwake anamwibia mvuvi wa Eyasi, ingawa hawajaonana.

Mtatuuliza tumepata nini. Hatukutajirika, wala chelezo hiki hakiwezi kumtajirisha mtu. Tunapata kitoweo cha nyumba tatu maji yakiwapo, na samaki wachache wa kukausha kwa chumvi. Ng'ombe wetu wawili wangali zizini. Maji yakienda, kama yaendavyo siku zote, hatutakuwa na deni la mashua isiyo na ziwa. Tutarudi kwenye vitunguu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutengeneza cha kale: ziwa lijalo na kuondoka lataka chombo cha gharama ndogo na uangalifu mwingi.

Na mama wa kijana yule? Siku tulipokitia chombo majini mara ya pili alikuja mwenyewe pwani. Hakutusalimu. Alizunguka chombo, akagonga mapipa yote manane kwa jiwe, akisikiliza, moja baada ya moja. Alipomaliza alimtazama mwanawe, akamfunga jaketi, akasema, "Haya, nendeni." Tangu siku hiyo, yeye ndiye mkaguzi wetu, na chombo hakitoki kabla hajakigonga.

Basi, ndugu zetu, wenye vyombo vilivyolala chini ya migunga, msingoje mvua. Nendeni mkavigonge leo, nchi ingali kavu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa chombo, mtu huuziba akiwa nchi kavu.