Kiangazi nacho hujenga mti

Leo naomba tuzungumze juu ya mti. Sina nia ya kukuhimiza upande miti, maana hilo umekwisha lisikia mara nyingi. Nataka tuuzungumzie mti uliokwisha katwa, ukapasuliwa, ukaletwa mjini, nawe ukaununua kwa fedha ya jasho lako.

Miaka michache iliyopita nilinunua miimo ya milango ya kibanda changu. Muuzaji aliniapia kuwa ni mtiki halisi, ule ambao wengine huuita msaji, nami nikalipa bei ya mtiki. Haikupita misimu miwili ya mvua, mchwa wakaingia. Nilipokwenda kulalamika nikajibiwa kwamba mtiki ni mtiki, labda mchwa wangu ndio wakali.

Sikuridhika. Nikachukua kipande nikampelekea mzee mmoja jirani yangu, mstaafu wa kazi ya misitu. Alikigeuzageuza, kisha akasema: "Mwanangu, huyu hakukudanganya jina. Amekudanganya umri."

Akanieleza. Kati ya gome na mbao kuna utando mwembamba ulio hai, na huo ndio unaojenga mbao mpya, tabaka juu ya tabaka. Mvua zinapoanza, mtiki huchipua majani, na utando ule hutengeneza mbao yenye mishipa mikubwa ya kupitishia maji. Msimu ukisonga mbele, mishipa hupungua ukubwa na mbao hushikamana zaidi. Kiangazi kikikaza, mti hupukutisha majani na kazi husimama. Mvua zikirudi, kazi huanza upya, na pale mwisho ulipokutana na mwanzo hubaki mstari. Hiyo ndiyo pete unayoiona kwenye gogo. Kwa kawaida mvua nzuri huacha pete pana, na ukame huacha pete nyembamba.

Hayo si maneno ya kijiweni. Mwaka 1931 Mholanzi mmoja, Berlage, alichapisha vipimo vya pete za mitiki ya kisiwa cha Java, vilivyorudi nyuma hadi mwaka 1514. Miti ilikuwa imetunza kumbukumbu ya misimu ya zaidi ya miaka 400.

Kwetu hesabu hiyo inataka uangalifu. Tabora na Songea, ambako mvua ni za msimu mmoja, pete moja kwa mwaka ni jambo la kutarajiwa. Lakini Tanga, penye vuli na masika, baadhi ya miti huweza kuweka pete mbili. Ukihesabu bila kujua mvua za mahali, utaupa mti umri usio wake.

Kuna jambo lililonishangaza zaidi. Mimi nilidhani kiangazi ni adui wa mti. Kumbe mtiki hutoa mbao nzuri zaidi mahali penye kiangazi cha kweli, cha miezi 3 hadi 5. Ile miezi ambayo mti unasimama bila majani, ukidhani umekufa, nayo ina sehemu yake katika ubora wa meza yako.

Sasa turudi kwa mchwa wangu. Mbao ya nje, ile nyeupe, ndiyo inayopandisha maji. Miaka ikipita, mbao ya ndani huiacha kazi hiyo, mti huijaza dawa zake wenyewe, nayo hugeuka rangi ya kahawia. Hicho ndicho kiini, na ndicho mchwa anachokikwepa. Mti mchanga una kiini kidogo na weupe mwingi. Miimo yangu ilikuwa karibu yote weupe, ila ilipakwa rangi nzuri.

Mpingo, mti wa taifa letu, huchukua kiasi cha miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Hakuna mbolea wala amri itakayoleta masika 70 katika miaka 10.

Je, nimlaumu muuzaji peke yake? Hapana. Mimi ndiye niliyebembeleza nipunguziwe bei, tena nikataka mzigo siku ileile. Sisi wanunuzi wa mjini tukitaka kila kitu upesi na kwa rahisi, shoka huko msituni litashuka kwenye mti ambao haujamaliza kazi yake. Kisha baada ya miaka miwili tunarudi kununua tena, na mti mwingine mchanga unaangushwa.

Basi, msikilizaji, ukienda kununua mbao, usiulize jina tu. Tazama kichwa cha ubao kabla haujapakwa rangi. Ukiona weupe umetawala, jua kwamba unauziwa mtoto kwa jina la baba yake.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.