Sanduku la Kuoshea Dhahabu: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ilituagiza, sisi wa kamati ya kazi za mikono, tueleze kazi tuliyoifanya mtoni, faida yake na makosa yake. Tutasema yote mawili, maana mwenye kuficha kosa hulirithisha kwa wanawe.

Wazee wanakumbuka vizuri kuliko sisi kwamba dhahabu haikuanza jana katika nchi hii ya magharibi. Ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, wageni walimiminika kwa wingi, na mwaka 1932 sheria ya ardhi ya Waafrika iliyotungwa mwaka 1930 ikabadilishwa ili mashamba yapate kutwaliwa kwa ajili ya machimbo. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Kampuni ziliondoka, lakini mchanga ulibaki, na watu wetu wangali wanauosha katika mito ya Kakamega, Vihiga, Siaya na Migori.

Basi shida ni nini? Shida ni kwamba dhahabu iliyobaki ni laini mno, nyingine kama unga. Katika karai peke yake hupotea pamoja na maji. Kwa sababu hiyo wengi hutumia zebaki, ambayo hukamata dhahabu, kisha huchomwa motoni ili dhahabu ibaki. Na huchomwa wapi? Jikoni, penye chungu cha uji, mtoto akiwa mgongoni mwa mamaye. Mvuke ule hauonekani wala haunuki, lakini huingia mapafuni na kuharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni huumia kuliko wote. Zebaki inayomwagika mtoni huingia katika samaki. Mji wa Minamata, katika Japani, ulipatwa na msiba wa namna hiyo uliotambuliwa rasmi mwaka 1956, na Mkataba wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki duniani ukapewa jina la mji huo. Kenya ni miongoni mwa mataifa yaliyoutia sahihi.

Tena kuna utumwa mwingine ulio kimya. Anayewakopesha kina mama zebaki asubuhi ndiye anayenunua dhahabu yao jioni, na bei huipanga yeye. Hatutaji jina la mtu. Twasema tu kwamba asiye na chombo chake hana sauti sokoni.

Ndiyo maana tulijenga sanduku. Si kitu cha ajabu. Seremala yeyote wa kijiji aweza kulitengeneza. Urefu wake ni futi 6, upana futi 1, na mbao za kando zina kimo cha inchi 6. Ncha yake ya juu na ya chini ni wazi, na viungo vyake huzibwa kwa lami. Ndani hutandikwa blanketi la sufu, na juu yake hulazwa fito nyembamba za kukingama, zikiwa zimeshikwa kwa kabari ili ziondoke kwa urahisi. Mchanga na maji humiminwa upande wa juu. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, na mchanga wa kawaida hauzidi mara 3. Kwa hiyo mchanga huchukuliwa, na dhahabu huzama katika manyoya ya blanketi.

Sasa tuungame. Sanduku letu la kwanza tuliliinamisha inchi 3 kwa kila futi, tukifurahi kuona maji yakienda mbio na kazi ikiisha upesi. Kwa majuma mawili tulipata kidogo kuliko waliotumia karai, hata vijana wakaanza kutucheka. Ndipo mama mmoja mzee akachota mchanga uliokwisha kutupwa, akauosha katika karai lake, akatuonyesha dhahabu yetu ikimetameta. Hakusema neno. Tuliona haya, lakini tulijifunza. Tulilishusha sanduku hadi inchi 1 kwa kila futi, tukapunguza maji yapite polepole, na tangu siku ile kila jioni twaosha karai moja la mchanga wa mwisho. Ikionekana dhahabu humo, kosa ni letu, si la mto.

Mambo mengine tuliyojifunza ni haya. Kwanza, mchanga uchekechwe kabla ya kuoshwa, kwa kuwa kokoto kubwa huchafua maji na kuitimua dhahabu laini. Pili, udongo wa mfinyanzi uvurugwe kwa maji katika pipa mpaka uyeyuke, maana bonge la udongo hubiringika na kwenda zake na dhahabu ndani yake. Tatu, blanketi lisuuzwe mara kwa mara katika beseni. Likijaa mchanga mweusi halikamati tena. Nne, mchanga mweusi ukaushwe, kisha upitiwe na sumaku iliyofungwa katika karatasi, ili chembe za chuma ziondoke. Tano, katika kuosha mara ya mwisho tia tone la sabuni, kwa sababu dhahabu laini huelea juu ya maji yenye mafuta.

Kinachobaki huyeyushwa pamoja na boraksi, katika chungu kidogo juu ya makaa yanayopulizwa kwa mvukuto, kama wahunzi wetu walivyofanya tangu zamani. Uchafu hugeuka kama kioo, na dhahabu hukaa chini. Wachimbaji wa Benguet, katika Ufilipino, wamefanya hivyo miaka mingi bila zebaki. Hata hivyo moto huo ufanyiwe nje, mbali na watoto.

Hatutaki kuwadanganya. Sanduku halikamati yote. Unga ulio laini kabisa bado hutuponyoka, na dhahabu iliyo ndani ya jiwe haitoki mpaka jiwe lisagwe. Na asagaye alimwagie maji, maana vumbi lake huua mapafu taratibu.

Mwisho, wazee wetu, tuna maombi mawili. La kwanza, mtuonyeshe mahali pa kuoshea palipo chini ya kisima cha kunywa, na mashimo ya zamani yafukiwe kabla ya mvua. La pili, wachimbaji wetu wasaidiwe kuomba kibali. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtambua mchimbaji mdogo, naye mwenye kibali hafukuzwi kama mwizi katika mto wa babu zake.

Sanduku lenyewe liko hapo nje, chini ya mti. Twawaomba mkalitazame, mkalipime kwa futi, mkatukosoe. Atakayejenga la kwake na likawa bora kuliko letu, tutakwenda kujifunza kwake.