Kasuku wa Kijivu Nyumbani: Wajibu wa Miaka Hamsini



Nimeombwa nizungumzie wanyama wa porini wanaofugwa majumbani. Uwanja huo ni mpana: kuna wenye kobe, wenye chatu, wenye tumbili na komba. Nimeamua kubaki na mmoja tu, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kwa kuwa ndiye ninayemwona akiteseka mikononi mwa watu wanaompenda kweli.

Huyu ni ndege wa misitu yetu. Makazi yake yanaanzia Afrika Magharibi, yanapita Kongo na Uganda, hadi kaskazini-magharibi mwa Tanzania na Kakamega nchini Kenya, ambako wamebaki wachache mno. Uzazi wake ni wa taratibu. Huchukua miaka kadhaa kupevuka, hutaga mayai machache ndani ya tundu la mti mkubwa, na mti huo ukikatwa hana pa kuatamia. Tangu mwaka 1975 zaidi ya kasuku milioni 1.3 walitolewa porini na kuuzwa nje kwa vibali halali, bila kuhesabu waliopitishwa kwa magendo wala waliokufa kabla ya kufika sokoni. Ghana imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya kasuku wake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo sababu mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimwingiza katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye ulinzi mkali zaidi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

Marufuku hayo hayajamaliza utegaji wa ulimbo. Mtegaji hupanda mti ambao makundi huutumia kutua, hupaka matawi gundi, kisha humfunga kasuku hai pale juu awaite wenzake. Wakinasa, hukatwa manyoya ya mabawa na kusongwa kwenye makasha. Kituo cha Lwiro, Kivu Kusini nchini Kongo, ambacho kazi yake ni kuokoa sokwe na nyani, kimejikuta kikilea pia kasuku walionyang'anywa wafanyabiashara. Unyoya uliokatwa haurefuki tena. Ndege hungoja mashina ya zamani yadondoke na mapya yaote, na hiyo ni kazi ya miezi mingi.

Kwa hiyo anayetaka kununua asianze na bei. Aulize ndege katoka wapi na hati zake ziko wapi. Kasuku aliyezaliwa kwa mfugaji anayeaminika huvishwa mguuni, angali kifaranga, pete isiyo na kiungio, ambayo haiwezi kupita kwenye mguu wa ndege mzima. Maneno matupu ya muuzaji kwamba "huyu kazaliwa nyumbani" hayatoshi. Kibali nacho si hiari: Kenya ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 na Tanzania ina ya mwaka 2009. Hata zawadi kwa ndugu aliyeko Muscat au Dubai haivuki mpaka bila hati za CITES.

Sasa nije kwa walio nao tayari, maana hapo ndipo kazi yetu sisi madaktari wa mifugo ilipo. Kosa kubwa ni chakula. Kasuku wengi wanalishwa mbegu za alizeti asubuhi na jioni, mwaka mzima. Mbegu hizo zimejaa mafuta, lakini kalsiamu na vitamini A ni haba. Siku moja ndege anatetemeka, anaanguka kutoka kwenye kijiti chake, anapiga mabawa sakafuni, na watu wa nyumbani wanadhani ni kifafa au amerogwa. Mara nyingi ni kalsiamu iliyoshuka katika damu. Mpe sukuma wiki, karoti, papai, pilipili nyekundu, na matunda ya mchikichi, ambayo huyala hata msituni. Mtoe apate jua la asubuhi kupitia waya, si kupitia kioo cha dirisha, kwani kioo huzuia miale inayompa vitamini D. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake. Na frampeni zile zisizogandisha chakula, zikiungua jikoni, mvuke wake unaweza kumuua ndege aliye chumba cha pili katika muda mfupi sana.

La pili ni upweke. Msituni kasuku halali peke yake. Hulala kwa makundi makubwa na siku nzima husikia sauti za wenzake. Ukimfungia kwenye tundu dogo kona ya jiko, huanza kujinyonyoa. Mtazameni kwa makini: kifua kitupu kama cha kuku aliyechovywa maji ya moto, lakini kichwa kimejaa manyoya mazuri, kwa kuwa mdomo wake haukifikii. Kichwa nacho kikiwa na upara, tafuteni ugonjwa. Anayejinyonyoa hahitaji dawa ya kupaka kabla hajapata tundu pana, matawi ya mpera ya unene tofauti, magome ya kutafuna, saa kumi hadi kumi na mbili za usingizi wa giza, na mtu wa kukaa naye kila siku.

Kila siku hiyo ni ya miaka mingapi? Kasuku anayetunzwa vizuri huishi miaka 40, wengine hupita 50. Mzee wa miaka sitini anayemnunua leo anamnunulia mjukuu wake. Aandike atakayemrithi, na amuulize mrithi huyo kama yuko tayari.

Mliochoka naye, tafadhali msimfungulie aende zake. Hajui kutafuta chakula, na anaweza kupeleka maradhi ya mdomo na manyoya kwa ndege wa porini. Mpelekeni kwa maofisa wa wanyamapori, nao wawaelekeze kwenye kituo cha kuwatunza. Na ninyi ambao bado hamna kasuku, ninawaomba msimnunue.