Duka la mama, programu ya bure: mambo niliyojifunza nikikosea

Mumeniomba niongee juu ya kuuza ku intaneti, kwa sababu wengi wetu tuko na diploma ndani ya sanduku na tunatafuta la kufanya. Mimi pia. Niko na lisansi ya informatiki tangu miaka miwili, na dola 150 za kwanza nilizopata hazikutoka ku ofisi yoyote. Zilitoka kwa mama mmoja anayeuza vitenge Kadutu. Nitawaambia vile nilimuharibia duka, kisha vile tulilisimamisha tena.

Tuelewane kwanza. Kuna programu za kutengeneza duka ambazo kode yake iko wazi: unaichukua bila kulipa, unaifungua, unaibadilisha. osCommerce ilianza Ujerumani mwaka 2000. Wengine hawakuridhika, wakachukua kode ileile wakatoa Zen Cart mwaka 2003, na leseni inaruhusu. WooCommerce ni vilevile: mwaka 2011 WooThemes, kampuni ya Cape Town, ilianzia ku kode ya Jigoshop. PrestaShop ilizaliwa Paris mwaka 2007, njo maana sisi tuliosoma Kifaransa inatuingia haraka.

Mimi nilianza na Magento. Ni kiburi tu. Nilisikia ni ya wakubwa, Adobe waliinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 1,68, nikasema basi hii ndiyo. Kompyuta yangu ya RAM giga 4 ikashindwa. Toleo jipya linadai programu ya kutafuta itembee pembeni yake, mimi hata umeme wa kumaliza usiku sina. Nikaacha.

Nikaingia WooCommerce. Siku mbili, duka limesimama. Niseme wazi, kwa anayeanza ni rahisi sana. Kosa lilikuwa langu: nilitaka sura nzuri ya duka, ile ya kulipia, na rafiki akanipa ya wizi kupitia Telegram. Wiki tano kila kitu kilienda sawa. Siku moja asubuhi mama ananipigia: "Mwanangu, wateja wangu wakifungua duka wanajikuta ku michezo ya kamari. Unanifanyia nini?" Ile sura ya wizi ilikuwa imefichwa mlango wa nyuma. Kampuni iliyotuhifadhia ikafunga akaunti. Kopi ya akiba sikuwa nayo. Picha 84 zilipotea, pamoja na oda 11 ambazo zilikuwa bado kutoka.

Kilichoniumiza ni hizo oda. Mama alikuwa amekwisha kupokea pesa za watu, na hatukujua tena nani alilipia nini. Tulikaa chini na simu yake tukisoma SMS za malipo moja moja, tukiandika ku daftari. Wawili hatukuwapata mpaka walipokuja sokoni wenyewe kugombana, mbele ya majirani zake. Yeye ndiye alitukanwa, si mimi. Nilimrudishia dola 90, kidogo kidogo, kwa miezi minne.

Alinipa nafasi ya pili, sijui kwa nini. Safari hii nilichukua PrestaShop, na nilijizoeza nyumbani kwanza kwa XAMPP, bila kuchoma hata mega moja. Hapo njo niliona vile programu hizi zinafikiri kila mtu anaishi Ulaya. Fomu ilidai kodi ya posta. Bukavu nani iko nayo? Mteja mmoja wakati wa majaribio aliandika 00000, mwingine akakata tamaa akafunga. Lakini ukiingia ku orodha ya nchi, unachagua Kongo yetu, unaondoa hitaji hilo, na unapanga upya sehemu za anwani. Mimi niliweka namba ya simu kuwa lazima, na ule mstari wa pili wa anwani nikauita "karibu na nini". Watu wanaandika: karibu na kanisa, nyuma ya famasi, uliza kwa mama wa makala. Motari anafika.

Malipo pia. Unayokuta tayari ni cheki, kuhamisha kwa benki, na kulipa ukipokea. Cheki! Nilichukua ile ya benki nikabadilisha maneno yake: tuma kwa M-Pesa ao Airtel Money ku namba hii, andika namba ya oda. Mama anaona SMS, anathibitisha mwenyewe kwa mkono. Si ya kisasa, lakini inatembea. PrestaShop inakubali pia dola na franka pamoja; tuliacha kusasisha bei ya dola kwa mashini, tunaandika ile ya kambisti wa asubuhi.

Musije mukafikiri PrestaShop ni malaika. Vipande vingi vya kuongeza vinauzwa kwa euro. Na mwezi wa saba 2022 wenyewe walitangaza shimo ambalo wezi walipitia kuweka fomu bandia ya malipo ku maduka ya watu. Dawa ilitoka, lakini lazima mtu aiweke. Nani anaamka kuiweka kwa mama wa Kadutu? Njo maana sasa sikubali kutengeneza duka kisha nipotee. Ninaomba dola 10 kwa mwezi. Kila Ijumaa ninachukua kopi ya akiba ku flash, mama anabaki na moja nyumbani kwake.

Peke yangu ninaweza maduka matatu, labda manne. Kuna mama mwingine wa viatu Nyawera ananiuliza, na nimemwambia angoje. Jumamosi saa tatu nitakuja hapa na flash iko na PrestaShop na XAMPP. Mwenye kompyuta alete, asiye nayo tutakaa wawili wawili. Na yule rafiki wa Telegram, kama yuko hapa, aje pia, nitamuonyesha ule mlango ulikuwa wapi.