Mchanga wa Vifaranga

Leo tuseme habari za vifaranga.

Kuku hana meno. Mtama husagwa ndani ya firigisi kwa vijiwe anavyomeza. Kifaranga anayekula chakula laini cha unga hana haja navyo bado. Akianza chenga za mtama, mpe.

Basi, mchanga utoke wapi? Si uani wanapochakura kuku wakubwa! Kinyesi chao huacha vijidudu vya kuhara damu, na vifaranga hufa wengi. Wala si shamba la pamba lililopigwa dawa. Ile ni sumu.

Chota mchanga mtoni, wa chembe ndogo kuliko mtama. Uoshe, uukaange chunguni kama karanga, upoe. Walishe kwanza, ndipo uwawekee kidogo kifunikoni, maana kifaranga mwenye njaa hujishibisha mchanga.