"Brunch": Mzaha Uliogeuka Neno

Katika hoteli nyingi za Dubai, London na New York, siku za mapumziko huandaliwa mlo uitwao "brunch". Si kifungua kinywa wala si chakula cha mchana, bali ni vyote viwili kwa pamoja. Jina hilo, ambalo leo hutamkwa bila kucheka, lilizaliwa kwa mzaha.

Mwaka 1895, mwandishi Mwingereza Guy Beringer alichapisha makala katika jarida la Hunter's Weekly akiutetea mlo huo wa Jumapili. Hoja yake ilikuwa nyepesi: aliyekesha katika starehe za Jumamosi asilazimishwe kuamka mapema. Jina lenyewe liliungwa kwa mwanzo wa "breakfast", yaani kifungua kinywa, na mwisho wa "lunch", yaani chakula cha mchana.

Mwaka uliofuata, jarida la vichekesho la Punch lililitaja neno hilo pamoja na pacha wake, "blunch". Mlo ukikaribia asubuhi ni "brunch". Ukikaribia adhuhuri ni "blunch". Pacha mmoja aliishi, mwingine akafa, kwani watu hawakuona haja ya majina mawili kwa sahani moja.

Ufundi huo haukuanza na Beringer. Mwaka 1871, Lewis Carroll, katika hadithi yake ya pili ya msichana Alice, aliyafananisha maneno ya aina hiyo na sanduku la safari lenye pande mbili: maana mbili zimefungashwa ndani ya neno moja.

Kiswahili nacho kina masanduku yake. Chakula cha mchana kimefupishwa kikawa chamcha, na chakula cha jioni kikawa chajio. Hata hivyo, wapo Waswahili wanaoyacheka maneno hayo na kuyaita ya kubuni, ilhali "brunch" hulitamka kwa heshima zote. Wanasahau kwamba nalo lilibuniwa, tena kwa utani.

Hakuna neno linalozaliwa na ndevu. Mbunifu hulitoa tu. Wasemaji ndio wanaolilea au kulizika. Hatima ya chajio, basi, haimo mikononi mwa wataalamu peke yao. Imo vinywani mwa wale wanaoketi kula chakula hicho kila jioni, wawe Mombasa, Muscat au Minneapolis.